Mstari Kwenye Mzizi wa Jino

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni daktari wa meno, na kwa miaka mingi nilimwona ana maringo. Alikuwa na mashine ya eksirei aliyoipenda kuliko ndugu zake. Wakati ule mashine za wengine zilitaka chumba cha giza, dawa za maji na filamu kuanikwa mpaka ikauke. Yake ilikuwa kavu, ndugu wa mashine ya kutoa kopi. Bamba dogo lilitiwa umeme, likafungwa kwenye plastiki na kuwekwa mdomoni. Likishapigwa mionzi, mashine ililipulizia unga wa buluu. Kufumba na kufumbua picha ilikuwa kwenye karatasi, kila ukingo wa jino umekolea kana kwamba umepakwa wanja.

Mume wangu anapiga tarumbeta. Hana kazi nyingine, na angekuwa nayo asingeiweza. Ufizi wa jino lake la mbele ulipovimba, mabomba ya mji mzima yalikuwa yamekauka, na kila kliniki ilituambia turudi maji yakirudi. Tukaenda kwa wifi.

Picha ilitoka na mstari mwembamba uliokata mzizi.

"Ufa," wifi alisema. "Mzizi ukipasuka hivi hauungiki. Kaka, itabidi tuling'oe."

"Na tarumbeta?" niliuliza mimi, maana midomo ya mpigaji huegemea meno ya mbele.

"Atawekewa la bandia. Wengine huzoea."

"Wengine," mume wangu alisema, akafumba macho. Roho iliniuma nikataka kumchukua tuondoke.

Wifi alivuta dawa ya ganzi kwenye sindano, kisha akaiweka chini. Akaipeleka picha dirishani.

"Mstari huu umenyooka mno," alisema. "Ufa wa jino hauna adabu hivi. Kaka, hebu shuka."

Akalitia umeme upya bamba lile lile, akapanda kitini yeye mwenyewe, akajivika aproni ya risasi ya kukinga mionzi, akaliweka bamba nyuma ya jino lake la mbele, zima kabisa.

"Wifi, nenda nyuma ya ukuta ubonyeze kitufe," aliniambia.

"Mimi?"

"Si unapenda kuniamrisha? Leo bonyeza."

Nikabonyeza. Picha ikatoka: jino la wifi, na mstari ule ule, mahali pale pale.

Alizilinganisha picha mbili. "Ni mkwaruzo wa bamba," alisema. "Nimelifuta asubuhi kwa kitambaa, nilitaka ling'ae. Halifutwi kwa mkono, na mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu hivyo. Nisamehe, kaka. Nilikuwa nakung'oa jino kwa mapenzi yangu kwa mashine."

"Kuteleza si kuanguka, dada," mume wangu alijibu, machozi yakimtoka.

Bamba jingine lilionyesha mzizi mzima, na usaha kwenye ncha yake tu. Wifi aliusafisha, jino likabaki. Nilimkumbatia na aproni yake ya risasi, na tangu siku hiyo sijamsema tena.

Mashine ile haipo tena, mabamba yake hayatengenezwi, na picha siku hizi hutokea kwenye kompyuta. Lakini picha ya jino la wifi lenye ufa wa uongo imetundikwa mbele ya kiti chake, anapoiona kila akishika koleo. Na majirani wakija kulalamika kwamba tarumbeta imewaamsha alfajiri, nawaambia wakamlaumu wifi yangu.