Kifaru chenye Mabawa

Vibiringo vya nyuzi vya Habibah vilikuwa havikai. Leo anaviweka kwenye kopo kando ya cherehani, kesho anakuta kopo tupu, nyuzi zimezungushwa kwenye vijiti kwa adabu kabisa, kama mwizi aliyeiba godoro akaacha shuka zimekunjwa. Mwizi mwenyewe alikuwa mumewe, Sebit, na wala hakuiba ili auze. Alivigeuza kuwa magurudumu ya vifaru.

Sebit alikuwa fundi wa vifaru jeshini mpaka siku alipomwambia mkuu wake kwamba kifaru fulani hakitawaka. Mkuu akasema kitawaka. Hakikuwaka, na kwa kosa hilo Sebit akaachishwa kazi. Alirudi nyumbani Kyebando, pembezoni mwa mji, na sikio moja lisilosikia vizuri, mfuko wa tupa na misumeno midogo, na kitabu cha picha alichoachiwa na mwalimu mmoja wa kigeni. Kitabu kizima kilihusu vifaru vilivyojaribiwa huko Ulaya vikashindwa, visiingie kazini hata siku moja. Kulikuwa na kimoja chenye magurudumu makubwa kama ya baiskeli ya jitu, kilichonasa topeni wakati wa majaribio kikaachwa hapo hapo. Kingine kilikuwa kizito hata madaraja yakakiogopa. Sebit alivichonga kwa mbao laini, akavivika bati la makopo ya samli, akavipanga kwenye rafu ambapo mke mwingine angeweka vyombo vya wageni.

"Mbona hivi tu?" Habibah alimwuliza mwanzoni. "Kwa nini usitengeneze vile ulivyokuwa ukivishika kule?"

"Vile najua vimefanya nini," Sebit alisema. "Hivi havijamfanya mtu kitu."

Habibah hakuuliza tena. Miaka ile mume anayeshinda nyumbani akisugua kipande cha mti alikuwa bahati. Waume wa wengine walitoka kutafuta chumvi wasirudi.

Sasa, Habibah alikuwa na mdogo wake aitwaye Abudu, mpishi wa kambi. Abudu alilala koplo akaamka meja. Habari hiyo alipewa na redio wakati akikoroga maharage, na wenzake walisema aliendelea kuyakoroga mpaka yakaiva, maana hakujua meja anatakiwa kufanya nini kingine. Baadaye akapewa duka la Mhindi aliyefukuzwa nchini. Akauza vilivyokuwa rafuni vikaisha, kisha akauza rafu. Watu wa namna hiyo mji uliwaita mafuta mingi, kwa Kiswahili cha kambini, na Abudu alilipokea jina kama nishani, akanenepa ili limkae vizuri.

Siku ya Idi alikuja kuwasalimu, sukari mkononi, akaketi akavimba kwenye kiti. Macho yake yakapanda rafuni.

"Shemeji, hii kitu ina mabawa."

"Warusi walikitengeneza wakati wa vita ya Hitla," Sebit alisema. "Kivutwe na ndege, kiachiliwe angani, kishuke nyuma ya adui."

"Iliruka?"

"Mara moja."

"Mara moja inatosha."

"Lakini ili kiruke, Abudu, ilibidi watoe risasi zote, na mafuta wabakize kidogo tu. Na hata hivyo injini ya ndege ilichemka, rubani akakiachilia njiani."

Abudu alifikiri. Kwake kufikiri kulikuwa kazi ya mwili. Paji la uso lilikunjana na pumzi ikawa nzito.

"Risasi hatuna," alisema mwishowe. "Mafuta hatuna. Kumbe sisi tuko mbele yao."

Habibah alimtazama akitafuta dalili ya utani, akaikosa. Abudu alipoondoka, kifaru chenye mabawa kiliondoka naye, kimefungwa ndani ya kanga mpya ya Habibah.

Habibah alikiona tena kwenye maonyesho ya sherehe za serikali, katika ukumbi mmoja mjini. Kilipakwa rangi ya kijani na kuwekwa juu ya kitambaa chekundu, na mbele yake kibao: Ndege ya Chuma, Ubunifu wa Meja Abudu. Chini ya ile rangi Habibah alivitambua vibiringo vyake vizuri sana. Sebit alikuwa pembeni yake, mikono nyuma, akikitazama kama mzazi anayemwona mwanawe amevalishwa nguo za watu.

Mgeni mmoja kutoka ubalozini, afisa mzee mwenye kipara, alisimama mbele ya meza. Ni watu wa nchi yake waliokitengeneza kile kifaru cha kweli. Aliinama, akakikagua, akanyooka, na uso wake ukawa mwekundu kama wa mtu anayezuia chafya. Mkalimani alisogea karibu.

"Anasema ni kizuri sana," mkalimani akatafsiri. "Anasema hata wao waliwahi kuwa na mawazo kama haya."

"Mwulize mbona waliacha," Abudu alisema.

Mgeni akasema jambo fupi.

"Anasema walikosa watu wenye ujasiri kama nyinyi."

Kufika magharibi maneno hayo yalikuwa yamepanda ngazi zote, na kila ngazi iliyaongezea mbolea. Redio ikatangaza kwamba Abudu sasa ni kanali, mkuu wa idara mpya ya vifaru vya anga, na kwamba kwenye sherehe zijazo kifaru kitapita juu ya uwanja wa gwaride mbele ya mabalozi wote.

Safari hii Abudu alikuja bila sukari. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani, jasho likimtoka.

"Shemeji, hii kitu itaruka?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Mimi nilifukuzwa kwa kusema hakitawaka," Sebit alimjibu. "Sasa unanirudia nyumbani uniulize kama kitaruka."

"Nikiwaambia hairuki, ni kama nimesema wakubwa wamekosea. Unajua aliyesema hivyo mwaka jana yuko wapi?"

Hakuna aliyejua yuko wapi, na hilo ndilo lililokuwa jibu. Habibah alikuwa akishona, na mdogo wake alikuwa mjinga, lakini ni yeye aliyembeba mgongoni tangu hajui kutembea. Akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Hiyo ni silaha ya siri, au ya kila mtu?" aliuliza.

"Ya siri, dada."

"Basi ya siri mnaipitishaje juu ya vichwa vya mabalozi? Adui si atakuwa ameketi pale pale, kwenye kiti mlichompa nyinyi wenyewe?"

Abudu alimtazama. Paji lake lilikunjana, likakunjuka, na taratibu uso wote ukafunguka kama dirisha. Alitoka bila kuaga.

Wakubwa walilipenda wazo hilo mno. Ilionekana hakuna jambo lililowapa raha kama kuwa na kitu ambacho hakuna anayeruhusiwa kukiona. Likajengwa banda la mabati Namuwongo, karibu na reli, likazungushiwa seng'enge, likawekewa walinzi, na mabango ya fuvu la kichwa kwa wasiojua kusoma. Siku ya gwaride lilipita lori lililofunikwa turubai, na chini ya turubai vitanda vya kambi vilivyopangwa vizuri. Umati ukapiga makofi. Walioketi mbele walipiga zaidi, maana walikuwa wakitazamwa. Abudu akapata gari jipya. Ndani ya banda hamkuwa na kitu.

Habibah alicheka wiki nzima. Alicheka hata akishona, mpaka Sebit akamwambia atajidunga sindano. Naye Sebit alikuwa ameanza kuchonga kingine, ametulia.

Kicheko kilikatwa na Kavugho, mwanamke Mkongo aliyekuwa akileta nguo za wateja wake wa Namuwongo zirekebishwe. Asubuhi hiyo alikuja bila nguo. Mumewe, Kasereka, aliyeandikwa jeshini kwa kukosa kazi nyingine, alikuwa mmoja wa walinzi wa lile banda.

"Wamemchukua, Mama Habibah," alisema. "Mvua ilinyesha, akaingia bandani kujikinga. Aliporudi akawaambia wenzake kwamba ndani hamna kitu. Wale wa usalama, wenye miwani nyeusi, wakaja. Wanasema kama hakuona kifaru, basi kimeibwa, na yeye ndiye anajua kilikokwenda."

Sebit aliweka tupa chini. Hakumtazama mkewe, na Habibah alimshukuru kwa hilo, na pia hakumshukuru.

"Keti unywe maji," Habibah alimwambia Kavugho. "Kisha tutakwenda kwa mdogo wangu."

Abudu aliishi mlimani, katika nyumba yenye vyumba ambavyo bado hajavijulia kazi. Waliwakuta wageni mezani wakila pilau, na miongoni mwao yule mzee wa ubalozini na mkalimani wake. Mlinzi wa mlangoni alitaka kuwazuia. Habibah alimwambia kwamba yeye ndiye dada mkubwa wa kanali, na akimgusa atawasimulia wageni jinsi kanali alivyokuwa akikojoa kitandani utotoni. Mlinzi alisogea.

"Dada, karibu chakula," Abudu alisema, akitazama viatu vya Kavugho vilivyojaa tope.

"Sikuja kula. Nimekuja kumsimulia mgeni wako habari za banda la Namuwongo. Nimesikia anavipenda vifaru."

Abudu aliinuka haraka hata kijiko kikaanguka. Alimshika dada yake kiwiko akampeleka barazani.

"Unataka kuniua," alinong'ona.

"Nataka Kasereka."

"Ile ni kesi ya usalama. Ameona siri."

"Ameona nini, Abudu? Niambie ameona nini."

Habibah aliona vidole vya mdogo wake vikifungua na kufunga kifungo kimoja cha dhahabu, akamhurumia, na huruma ile ikamkasirisha zaidi.

"Wewe ndiye uliyenipa lile wazo," Abudu alisema.

"Ndiyo. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Kasereka arudi kwa mkewe, au mimi nirudi pale mezani. Yule mzee atacheka safari hii bila kujizuia, na akicheka yeye, wakubwa wako watataka kujua anacheka nini."

Upepo ulileta harufu ya pilau. Ndani mtu alikuwa akisimulia jambo na wengine wakicheka kwa heshima. Abudu alijifuta uso.

"Nenda nyumbani, dada," alisema. "Na usije tena hapa."

Kasereka aliachiliwa wiki hiyo hiyo. Alikuja Kyebando na mkewe kushukuru, akitembea kama anayebeba ndoo kichwani isiyotakiwa kumwagika. Meno ya mbele hayakuwepo. Jicho moja lilikuwa limevimba likafumba. Habibah alimwekea uji mbele, akakaa mbali kidogo, kwa kuwa hakujua auweke vipi uso wake mwenyewe.

"Mwanzo waliniuliza niliona nini," Kasereka alieleza polepole. "Nikasema hamna kitu. Wakanipiga. Nikaona hawataki jibu la hamna kitu. Nikasema, haya, niliona kifaru. Wakanipiga tena, wanataka kujua kikoje." Akanywa uji kidogo. "Nao hawajakiona hata siku moja, mama. Walikuwa wanasogeza viti karibu. Nikawaambia kina mabawa ya kukunjwa kama ya popo. Nikawaambia kinapita ziwani chini ya maji kinaibukia ufukweni Ggaba. Mmoja akauliza kama kina taa. Nikampa taa. Hapo wakaacha kunipiga, wakaniletea soda. Kisha ikaja simu, mkubwa wao akasema niapishwe nisimwambie mtu, niende."

Sebit alikuwa amelitega sikio lake zima. Alijikohoza.

"Hayo mabawa ya kukunjwa," aliuliza, "yalikuwa yanakunjwa kuelekea nyuma, au juu?"

Kavugho aliweka kikombe chini.

"Mume wangu hana meno, baba," alisema. "Hana meno, na wewe unamwuliza mabawa."

Sebit aliinamisha kichwa. Alisema samahani, akaisema mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, kama wasemavyo watu wasiosikia vizuri. Habibah alichukua bakuli la Kasereka, likiwa bado na uji nusu, akaenda nalo jikoni kulijaza tena, na huko alisimama muda mrefu kuliko uji ulivyohitaji.