Diski Iliyolala Ngulyati

Kila asubuhi nawasha mitambo ya ofisi yetu ya ushirika wa pamba, kisha nateleka maji ya chai. Jumatatu ile sikuifikia chai. Chumba cha mitambo kilinuka plastiki iliyoungua. Usiku umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza seva pamoja na diski ya akiba niliyokuwa nimeiacha imechomekwa.

Barua pepe za wafanyakazi wote zilikuwa humo.

"Honorata!" aliita meneja, Bwana Shigela. "Wanunuzi wanataka majibu leo. Wakikosa, wanakwenda Maswa. Barua ziko wapi?"

Nikisemeshwa kwa ukali, maneno hunikauka. Nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, na kosa kama hilo lingetosha kunirudisha kwetu Njombe. Nikanong'ona, "Kwa dada Maximiliana."

Huko ndiko ilikokuwa diski ya pili. Kila Ijumaa nilinakili barua zote, nikaifunga kwa nywila, nikampa Maximiliana, mhasibu wetu, aende nayo kwake Ngulyati, mbali na ofisi, ili ofisi ikipatwa na janga nakala moja ibaki salama. Meneja aliruhusu huku akinicheka. Maximiliana naye alicheka, ila kwa namna yake.

"Mdogo wangu, umenipa ng'ombe nikufugie! Sisi Wasukuma ukiweka ng'ombe kwa rafiki, rafiki anakunywa maziwa. Huyu wako namkamua wapi?"

Nilitabasamu nikainama.

Nilimpigia simu. Alikuwa tayari njiani kuja kazini, akamgeuza bodaboda. Alipofika ofisini, diski ilikuwa kikapuni, imeviringishwa kwenye kitenge kama kitoto kichanga.

Nilitafuta kompyuta ambayo haikuungua, nikaanza kurudisha sanduku la barua la mtu mmoja baada ya mwingine, la meneja kwanza. Zilizoingia mwisho wa wiki zilipotea, lakini za wanunuzi zote zilikuwapo. Debora wa masjala alipoziona zake alipiga kigelegele hadi wakulima waliokuwa nje wakachungulia.

Mchana, wanunuzi wakiwa wameshajibiwa, Bwana Shigela alinimiminia chai mwenyewe, akaongeza sukari bila kuuliza.

"Haya," Maximiliana akasema mbele ya wote, "ng'ombe amerudi salama. Maziwa yangu?"

Wakacheka. Nilitaka kuinama tena. Badala yake nikamtazama.

"Dada, wanaokaa mbali na ofisi ni wengi. Nilikupa wewe kwa sababu tangu nifike Bariadi, ndugu yangu ni wewe. Asante sana."