Shahamu Iliyoenguliwa

Nesi aliigeuza karatasi ya majibu, akaigeuza tena, kisha akamtazama mke badala ya mgonjwa.

"Mafuta kwenye damu yamepanda," alisema. "Mama, si tulikubaliana utapunguza?"

Mama Pima aliubana mkoba wake kwapani asije akashika kitu kingine. Jina hilo alipewa na mawifi zake siku walipomkuta anapima mafuta ya kupikia kwa kijiko cha chai, na tangu hapo halikumbanduka. Alikuwa amepunguza mpaka mboga zinaungulia sufuriani. Amepunguza mpaka watoto wanakwenda kula kwa jirani. Sasa binti wa juzi aliyevaa viatu vyeupe anamwambia apunguze.

"Nimepunguza," alisema.

"Jitahidi zaidi, basi. Kimebaki kipimo kimoja."

Mume alikuwa amekaa kwenye benchi, anavitazama viatu vyake kama mtoto aliyeitiwa mzazi shuleni. Alikuwa dereva wa kreni bandarini, mpaka moyo ulipomshika akiwa huko juu kwenye kibanda cha vioo, akateremshwa kwa kamba. Sasa alikuwa anafagia ghala. Daktari wa bandari alikwisha kusema: kipimo cha mwisho kikitoka kizuri, atapanda tena. Kikitoka kibaya, kuna mwingine keshafundishwa kazi, na ufagio utakuwa wake mpaka kustaafu. Hapo ni kama moyo wenyewe utakubali kungoja hiyo siku ya kustaafu.

Njia nzima ya kurudi nyumbani neno lile lilimkera Mama Pima. Jitahidi. Ajitahidi na nini?

Nchi yao ni kisiwa kimoja, na ukikizunguka chote hukuti malisho ya kumshibisha hata ndama. Chakula kinakuja kwa meli, na meli huwaletea kile ambacho wenye kondoo wenyewe wamekikataa: mbavu zilizogandishwa, nyuzi mbili za nyama na shahamu nene kama godoro. Samaki wa kwao wenyewe hununuliwa na meli za watu kabla hawajafika sokoni, na wachache wanaobaki bei yao haishikiki. Mkate wa dukani umekandwa kwa shahamu. Biskuti, vivyo hivyo. Hata maharage ya kopo, ukiyafungua unakuta utando mweupe umetanda juu, unakungoja. Siku moja alimuuliza mwenye duka kama ana chochote kisicho na mafuta ya mnyama. Mwenye duka akatazama rafu moja baada ya nyingine, akasema, "Sabuni." Akafikiri kidogo. "Hata hiyo sina hakika." Watu wote dukani walicheka isipokuwa yeye.

Kwa hiyo alinunua mbavu kama kila mtu, lakini alikuwa na namna yake. Alizichemsha jioni, akaacha supu ipoe, na asubuhi shahamu ikawa imeganda juu ya sufuria. Akaiengua nzima nzima kama sahani, mume akabakiwa na maji ya nyama na mifupa. Na shahamu yenyewe hakuitupa. Watu ambao chakula chao kimevuka bahari hawatupi kilichofika. Aliitia kwenye kopo, na kopo likijaa alilipeleka chumba cha uani kwa mama mkwe, achulie magoti yake. Mkwe mwema haendi ukweni mikono mitupu.

Basi mafuta yanatoka wapi? Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga, naye akaanzia huko huko nguoni. Alinusa mashati ya mume kola na mikono, kama mke mwenye wivu.

"Unakula wapi?" alimuuliza usiku huo.

"Nakula hapa."

"Na kwingine?"

"Mama watoto, kwani umenifumania?"

"Ningekufumania na mwanamke ningejua pa kuanzia."

Mume aligeukia ukutani, akavuta shuka. Alikuwa na kipaji cha kunyamaza, na kipaji hicho kilimpandisha mkewe hasira kuliko matusi.

Zikapita siku mbili tatu za kununiana. Mama Pima alikuwa fundi cherehani, akishona ovaroli za wafanyakazi wa bandari, na mchana mmoja umeme ukakatika, karakana nzima ikazima. Akarudi nyumbani mapema. Akapitia uani kumsalimu mama mkwe, maana mume hunywa uji wake wa mchana kwa mama yake, ghala likiwa hatua chache tu kutoka hapo. Uji mtupu wa mahindi. Mama Pima mwenyewe ndiye aliyeupanga, akaukagua, akaupitisha.

Mlango ulikuwa wazi. Bibi, mama mkwe wake, alikuwa ameinamia sufuria ya uji, kopo kwapani, anachota shahamu kwa kijiko cha kupakulia. Alikoroga ikayeyuka, akachota tena.

"Shikamoo, mama," Mama Pima alisema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, umewahi leo."

"Mama, hiyo si ya magoti?"

"Magoti yangu yamekwisha, hayasikii dawa. Mafuta mazuri hivi niyapake miguu?"

"Daktari amemkataza mafuta."

"Amemkataza ya nyama. Haya si yameshatoka kwenye nyama? Wewe mwenyewe umeyachemsha yakatoka. Ubaya wote umebaki kwenye mbavu, na mbavu unampa wewe."

Alisema hivyo bila hila, bila kujificha, na hilo ndilo lililomchoma Mama Pima. Angekuwa mwizi, angemkaripia. Huyu angemwambia nini?

"Mwaka niliomzaa," Bibi aliendelea, huku anakoroga, "meli haikuja msimu mzima. Maziwa yakanikauka. Daktari akaniambia, mama, mtilie shahamu kwenye uji. Nikauza kanga zangu nikaipata. Waliokosa tulikwenda kuwazikia watoto wao. Na yule naye alikuwa daktari, ana koti jeupe kama huyu wenu. Sasa nimwamini yupi?"

Mama Pima alitoka nje. Mume alikuwa ndiyo anaingia uani, vumbi la ghala kwenye nyusi.

"Ulijua?"

Mume alitazama mlango wa mama yake. "Ulimi wangu haujafa," alisema.

"Na ukanyamaza. Mimi nasemwa hospitali, nanusa mashati kama kichaa, na wewe unajua."

"Ulitaka nimwambieje? Nimwambie mama yangu kwamba mkono ulioniponya sasa unaniua?"

"Bora ufe wewe?"

"Mwambie wewe, basi."

"Nitamwambia. Kila jambo gumu nyumba hii ni langu."

Akarudi ndani na hasira zake zote, akitaka kupayuka. Lakini maneno yalipotoka yalitoka polepole. Alimweleza Bibi kwamba shahamu ni ile ile, ikitoka kwenye nyama isitoke. Kwamba inaziba mishipa ya mwanawe. Kwamba majibu yamepanda kwa sababu ya uji huu, na akiendelea kuunywa, kreni ataisikia kwa mbali tu, na huenda asiisikie kwa muda mrefu.

Bibi aliacha kukoroga. Alikaa kwenye kigoda, kijiko bado mkononi, mafuta yakimdondokea kwenye kanga. Mume alisimama mlangoni, hathubutu kuingia.

"Basi nimpe nini?" Bibi aliuliza.

Mama Pima alifungua mdomo. Alikuwa na miezi mingi ya kupima, kuchemsha na kuengua, na alitafuta kitu kimoja, kitu chochote kwenye rafu za kisiwa kizima, mama aweze kumpa mwanawe mwenye njaa saa hii. Alitafuta mpaka macho yakamuuma kwa machozi ya hasira.

"Leo mpe maji, mama," alisema.

Bibi aliinuka. Aliosha kikombe, akakiosha tena, akakijaza kutoka mtungini, akampelekea mwanawe kwa mikono miwili. Mume alikunywa yote akiwa amesimama, mama yake akimtazama kooni jinsi yanavyoshuka.

"Umeshiba?" Bibi akamuuliza.

"Nimeshiba, mama," akasema.