Laini ya Marehemu Shuriye

Magdaline Wakiuru alikuwa na hakika kwamba kati ya wale wafanyabiashara wa ng'ombe kulikuwa na msaliti, na kwamba atakayefukuzwa kazi kwa ajili yake ni yeye Magdaline.

Mwaka huo wa 1978 alikuwa akiunganisha simu Isiolo. Kila asubuhi Mzee Abdillahi, mwenyekiti wa kikundi chao, alipiga simu, na Magdaline akachomeka waya za wanachama wote kwenye laini yake. Mzee alisema mara moja tu na kila duka likasikia: leo ng'ombe wazuri wako mahali fulani, barabara fulani ina majambazi. Ambaye hakuchomekwa hakusikia neno.

Lakini siku hizi malori yao yakifika, mafahali wazuri wameshabebwa na lori la Kang'ethe, ambaye si mwanachama. Kang'ethe ni Mkikuyu, Magdaline ni Mkikuyu. Basi, kesi imekwisha! Hakuna aliyejisumbua kuuliza zaidi.

"Kang'ethe ni mtu yenu," Abdillahi alimwambia. "Na wewe ndio unasikia kila kitu. Nikienda kwa mkubwa yako tena, hii kazi utaiona kwa ndoto."

Ilimuuma sana. Tangu hapo naye akawashuku wanachama wote. Kanchoro alikohoa kohoa akisikiliza, kwa nini? Mako alikata simu kabla ya wenzake, alikimbilia wapi? Akatega mtego: kila asubuhi aliacha waya moja nje, na mwenye laini akilalamika, akasingizia mchwa kwenye nguzo. Kisha akachungulia dirishani. Lori la Kang'ethe liliondoka vile vile.

Ikabaki waya ya mwanachama mwenzao Shuriye, na Shuriye alikuwa kaburini. Duka lake lilifungwa, na mjane wake Asho alikuwa ndani akikaa eda, hatoki. Abdillahi mwenyewe ndiye aliyeamuru laini ya marehemu isiguswe mpaka eda iishe, kwa heshima. Magdaline aliichomeka kila siku akijua hakuna sikio upande ule.

Asubuhi iliyofuata Abdillahi alikuja kuzungumzia pale pale ofisini, ili amkazie macho. Magdaline akaiacha waya ya Shuriye nje. Mzee akawaambia wenzake waende Korbesa. Wakangoja dirishani wote wawili. Lori la Kang'ethe halikutoka.

Kwenye bodi, kifuniko cha namba ya Shuriye kikaanguka: kuna mtu anapiga. Magdaline akampa mzee kisikizio cha pili.

"Habari, Magdaline?" Ilikuwa sauti ya Asho. "Mbona leo simu yangu haikulia? Nimekodi lori ya Kang'ethe, dereva anangoja. Nimtume wapi?"

"Kumbe ni wewe unasikiliza?"

"Sasa ni nani? Abdillahi alisema nafasi ya bwana yangu iko. Watoto wanakula kwa hiyo nafasi. Ama wamenitoa?"

Magdaline akamgeukia mzee, akamtolea hasira zote. "Ulisema ni mimi! Haya, nimtoe? Mwambie mwenyewe."

Abdillahi alivua kisikizio, akatoka bila kuaga.

"Korbesa, mama," Magdaline akamjibu Asho. "Ng'ombe wako Korbesa."

Kesho yake alichomeka waya zote, ya Shuriye ikiwa ya mwisho, akingoja kusikia kwamba hana kazi.

"Salaam aleikum, Kanchoro. Salaam aleikum, Mako." Mzee aliwaita mmoja mmoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Salaam aleikum, Asho. Leo lori yako itoke pamoja na zetu."

"Waaleikum salaam," Asho akajibu, na laini nzima ikamsikia.

"Na wewe Magdaline," mzee akasema, "habari ya asubuhi?"

Hakuna aliyewahi kumsalimia kwenye laini ile. "Mzuri, mzee," akajibu, akasahau kabisa kwamba kazi yake ni kunyamaza.