Somo la Kobe wa Jabali

Mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba kobe hana mvua. Naanza na hilo kabisa, msije mkahangaika kumtafuta mwenye kosa. Ni mimi, Mwanaidi, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, niliyeshika chaki miaka kumi na tano katika kijiji chetu hiki cha nyuma ya Kolo, na nilipoacha chaki sikuacha mdomo.

Kisomo kilijifia chenyewe. Chaki ziliacha kuletwa, karabai ikaharibika, na zama za ruksa ya biashara zilipoingia watu wakaona heri waende mnadani kuliko kukaa kwenye dawati la mtoto kusoma a, e, i, o, u. Sikuwalaumu. Ila nilibaki na hamu ya kusimama mbele ya watu na kueleza, na hamu hiyo, nawaapia, ni ugonjwa.

Basi mwaka wa tisini akaja binti mmoja kutoka chuo kikuu, Ruthu, na begi lake na rula ya chuma, anatafuta kobe. Watu walicheka mpaka basi. Mtu amesoma miaka yote ile anakuja kupima kobe! Mimi nikampa chumba, nikampikia ugali wa uwele, na kesho yake nikafuatana naye hadi Jabali la Mwesa, lile linaloonekana ukitoka tu nje ya kijiji.

Kobe wa jabali si yule wa barabarani mwenye gamba la mviringo. Huyu ni bapa. Ukimtazama kwa ubavu unaweza kusema ni chapati. Gamba lake ni laini, ukilibonyeza linabonyea, na ana mbio huyo! Ukimshtua hajifichi ndani ya gamba, anakimbilia ufa wa jiwe, anajichomeka na kujikaza kwa miguu, na hapo humtoi hata umbembeleze.

"Mwalimu," Ruthu aliniambia tukiwa tumelala kifudifudi tunamulika tochi kwenye ufa, "kuku wako anataga mayai mangapi?"

"Kumi na mawili. Akipenda kumi na matano."

"Huyu anataga moja. Analifukia, linakaa miezi na miezi. Kifaranga akitoka, kila mwenye mdomo anamtaka. Akisalimika, anakaa miaka mingi ndipo naye atage lake moja. Ukichukua kobe wazima kumi leo, wajukuu zako hawataziba hiyo nafasi."

Akanionyesha pia kwamba si kila ufa ni nyumba. Unatakiwa ufa wa kulala, wa vidole vitatu, mrefu kwenda ndani, ili nyoka na nguchiro washindwe. Ufa wa namna hiyo jua na baridi vimeutengeneza kwa maelfu ya miaka. Ukivunjwa, umevunjwa. Jiwe halina kidonda cha kupona.

Mvua zilipoanza walitoka kula majani mabichi, tukawahesabu vizuri na kuwaandika kwenye daftari. Arobaini na moja. Kila mmoja tulimkata alama ndogo pembeni mwa gamba kwa tupa, wala haimuumi. Siku ya kuondoka Ruthu alinishika mikono yote miwili.

"Nitarudi baada ya misimu miwili, mwalimu. Nakuachia hawa arobaini na moja. Waeleze watu. Mtu akielewa, atawatunza."

Nami niliamini. Ndiyo imani iliyonilisha miaka kumi na tano.

Sasa nisikilizeni hapa. Kijijini kwetu hakuna mtu aliyekuwa akimgusa kobe wa jabali. Hakuna! Toka enzi za bibi zetu inajulikana: kobe wa jabali haingizwi uani. Ukimvusha kizingiti umeifukuza mvua ya kijiji kizima. Marehemu bibi yangu alimkuta mmoja njiani akamzunguka kwa mbali, anamwomba radhi kama mkwe. Mtoto akimchezea alichapwa, na mama yake akasemwa.

Na mimi, mwalimu mzima, nikaona hiyo ni aibu. Nikasema tutawahifadhi kwa elimu, si kwa woga.

Mwenyekiti wa kijiji akaniitishia mkutano. Watu wakajaa, maana walikuwa na hamu nami, na mimi nilikuwa na hamu nao zaidi. Nikaeleza yote: yai moja, ufa wa vidole vitatu, jinsi ya kujua ufa una mwenyewe kwa kuangalia vinyesi mlangoni. Nikachora kwa kijiti ardhini. Nilikuwa na raha siku ile, Mungu anisamehe.

Batuli akanyoosha mkono. Batuli ni shoga yangu, na katika kisomo changu chote hakuna aliyeshika masomo kama yeye. Aliingia hajui kushika penseli, akatoka anamsomea mumewe barua.

"Mwalimu, samahani. Sisi hatuwagusi hata hivyo, kwa ajili ya mvua. Si inatosha?"

"Batuli!" nilifoka. "Wewe wa kuniambia hivyo? Kobe na mvua wapi na wapi? Mnamwona mvua ikinyesha kwa sababu majani yameota, amefuata chakula. Mvua ndiyo inayomtoa kobe, si kobe anayeileta mvua! Mmegeuza kichwa kikawa miguu. Mmesahau nilivyowafanyia kwa kinyonga?"

Watu wakacheka, walikuwa wanakumbuka. Siku moja darasani nilimtoa kinyonga mtini nikamtembeza mkononi, wanafunzi wangu wakakimbia wote wakaangusha ubao, na Batuli akapitia dirishani. Sikufa, sikupofuka, wala mkosi haukunipata. Toka siku ile somo la kinyonga lilikuwa hadithi ya kijiji.

Basi sikuridhika na maneno. Nilikuwa na kobe mmoja kwenye kikapu, nimemleta waone alama. Nikamtoa, nikanyanyuka naye, nikaenda hadi nyumbani kwa Batuli, hatua ishirini tu, kijiji kizima nyuma yangu. Nikavuka kizingiti. Nikamweka katikati ya ua, kinamama wawili wakaziba macho.

"Haya! Mbingu imeanguka?"

Haikuanguka. Na msimu ule, kwa kunikomoa tu, mvua ilinyesha ya kutosha, mahindi yakajaa vihenge. Watu wakawa wananiambia njiani: mwalimu, ulisema kweli. Nami navimba kichwa.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, akaja Swalihu. Mfanyabiashara wa Majengo, Dodoma mjini, kijana mwenye adabu zake, kofia safi, pikapu nyekundu. Zamani alinunua karanga. Sasa kila kitu ruksa, alikuwa na kibali cha kununua wanyama hai, kina picha yake na muhuri. Nje ya nchi, alisema, kuna watu wanafuga kobe ndani ya sanduku la kioo. Alikuja hadi kwangu kunisalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimeambiwa wewe ndiye mwalimu. Nakushukuru sana, mama yangu. Nimezunguka vijiji vinne, wanakataa hata kuwashika, wananiambia mambo ya mvua. Hapa kwenu watu wameelimika."

Ananishukuru mimi! Mimi, Mwanaidi! Nikatazama nje, nikaona pikapu imebeba mabati mapya, yanamulika macho. Kobe watatu, bati moja. Na nani katika kijiji chetu alikuwa hataki bati? Nyumba zetu za tembe, zenye paa la udongo, zinavuja udongo kila masika, watoto wanalala wima.

Nilikimbia hadi Jabali la Mwesa kanga mkononi. Nilisikia mlio kabla sijafika, chuma juu ya jiwe. Batuli alikuwa ameinama na mtaimbo, mumewe anashikilia bamba la mwamba lisiwaangukie. Kando yao kulikuwa na kiroba kinatikisika.

"Batuli, unafanya nini?"

"Mwalimu! Afadhali umekuja." Alifurahi kweli kuniona, hilo ndilo siwezi kulisahau. "Huu ufa si ndio wa vidole vitatu? Vinyesi hivi hapa. Lakini mkono haufiki."

"Usivunje. Nakuomba, usivunje. Nilisema wanataga yai moja. Nilisema wataisha!"

"Ulisema, na mimi nimeshika. Ndiyo maana nawahi, mwalimu. Nisipowachukua mimi atawachukua Mwenyekiti, yuko upande wa pili toka alfajiri." Akaniangalia kwa huruma. "Nyumba yangu unaijua."

Naijua. Mwaka ule ukuta wa chumba ulimwangukia mama mkwe wake, akavunjika nyonga. Nikasimama pale kama mgeni, akapiga mara mbili, bamba likapasuka.

Kesho yake nikapanda lori hadi Kondoa mjini kwa bwana nyama, ofisa wa wanyamapori wa wilaya, Eliakimu. Mtu mwema, amechoka, shati la serikali limepauka mabegani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kibali chake ni halali, mwalimu. Nimekiona."

"Hakisemi mwisho wangapi?"

"Kinasema."

"Sasa?"

"Sasa nani atawahesabu? Wilaya nzima niko mimi na baiskeli, na baiskeli haina mnyororo." Akafungua droo akanionyesha mnyororo wenyewe, umekatika, umefungwa kwenye gazeti. "Nitaandika barua. Naandika kila mwezi."

Njiani nikirudi, juu ya magunia ya lori, nikapata wazo, na nilipolipata nililia, maana nilijua ni la mwisho. Nikaanza nyumba ya kwanza kijijini, jua halijazama.

"Nilikosea," nikawaambia. "Wazee walikuwa sahihi. Kobe ana mvua. Mkiwatoa, mwaka huu hainyeshi hata tone. Warudisheni!"

Nyumba ya kwanza waliendelea kufunga viroba. Ya pili wakatazamana. Ya tatu wakanikaribisha chai, wakaniuliza kama nimekula. Nilipofika kwa Batuli alikuwa anapanga kobe ndani ya sanduku la mbao la Swalihu, kati yake majani makavu, kwa uangalifu kabisa, kama mayai. Nikaona alama zangu za tupa, moja baada ya nyingine.

"Batuli, itakatika mvua. Nakuapia."

Akaacha kazi akanishika bega.

"Mwalimu wangu, usijidhalilishe. Kobe na mvua wapi na wapi? Wewe mwenyewe ulimvusha kizingiti hiki hiki. Anafuata majani tu." Akatabasamu. "Sisi si wajinga tena."

Nikakaa pale pale mlangoni nikalia kwa sauti, kama msibani. Akaniletea maji. Swalihu aliondoka baada ya siku nane.

Basi nikabaki na jambo moja tu la kungojea, na naona haya kulisema. Nilingojea ukame. Mimi, ninayekula mtama wa shamba langu, nilikuwa natoka kila asubuhi kuangalia mbingu nikiomba isinyeshe. Ingekatika mwezi mmoja tu, watu wangeshtuka. Wale wachache waliobakia kwenye nyufa zisizofikika, kama wapo, wangeachwa. Woga ungerudi. Na vijiji vile vinne vingesikia.

Ilinyesha. Ilinyesha mapema, ikanyesha vizuri, ya kutulia, ile ya usiku kucha inayoingia ardhini bila kuchukua udongo. Mabati ya kijiji yalipiga kelele mpaka adhana haikusikika. Watu walitoka wakasimama mvuani wanacheka.

Siku ya tatu nikaenda jabalini. Majani yalikuwa yameota, mabichi, laini, urefu wa kidole. Hii ndiyo saa yao. Nikakaa juu ya jiwe lililolowa toka asubuhi mpaka alasiri. Nikamulika kila ufa uliobaki mzima, na haikuwa kazi kubwa, zilibaki chache. Nilikuta mmoja. Mmoja, ndani kabisa, amejikaza. Anaweza kuishi miaka mingi huyo, na kila mvua atatoka atafute mwenzake. Barua ya Ruthu nilikuwa nayo kifuani. Anakuja mwezi ujao, anauliza kama daftari la kuhesabia bado lipo.

Batuli akanikuta pale, amejifunika karatasi la nailoni, ananipungia mkono toka chini.

"Mvua hiyo, mwalimu! Ulisema kweli, ulisema kweli!" Akapanda hadi nilipo, anahema. "Nimetumwa. Swalihu ameleta habari, sasa anataka vinyonga. Lakini wenzetu wa ng'ambo ya mto wanawaogopa, hawakusoma kwako wale. Mwenyekiti anasema uje kesho uwaeleze, kama ulivyotueleza sisi."

Niliutazama uso wake. Hakukuwa na ubaya wowote mle.

"Kinyonga anapofusha," nikasema. "Akikugusa, uzao wako wote unakatika. Waambie hivyo. Waambie Mwanaidi amesema wasimguse."

Batuli alicheka mpaka akashika mbavu, maji yanamtiririka usoni.

"Wewe mwalimu nawe kwa utani!" Akajifuta macho kwa kiganja. "Basi pumzika, umechoka. Nitawaeleza mimi. Somo lile nalikumbuka lote."

Akashuka polepole, anaangalia asiteleze.