Karatasi Juu ya Ukurasa wa Mwisho

Koko Isaïe, babu wa nyumba, alikuwa na sheria moja ya Noeli: kile kitabu cha picha hakifunguliwi mpaka watu watoke misa, wale, wanawe mikono, ndipo yeye mwenyewe akiweke magotini. Siku nyingine zote kilikaa kabatini chini ya kufuli, na ole wake mwenye kuuliza ufunguo uko wapi.

Mwaka huu Koko hayupo. Alifariki mwezi wa nane, kitabu kikabaki kwa bintiye Katungu, anayeuza unga na sukari hapa Kisangani. Katungu hakuwahi kusoma hata mstari wake mmoja wa Kifaransa. Alichokuwa nacho ni hadithi ya baba tu: mtoto wa kike anamtafuta mama yake siku ya Noeli, katika nchi iliyomwagiwa unga, unga mpaka magotini, hadi mlango unafunguka na mama yuko ndani. Jamaa wote walimcheka kwa unga huo. Walijua Isaïe, mfanyabiashara wa Butembo, Kifaransa kilimpita kando, kwa hiyo alisoma picha. Naye alicheka pamoja nao, akafungua ukurasa mwingine.

Sasa Larissa, binti wa Katungu, ana miaka minane na anasoma Kifaransa bila kukwama. Hicho ndicho kilichomkosesha Katungu raha tangu asubuhi. Mtoto akisoma maandishi, hadithi ya baba itazikwa mwaka uleule aliozikwa baba. Hata hivyo, walipokwisha kunawa mikono, alimpa kitabu. Angemnyima kwa sababu gani?

"Maman, huku baliandika neige," Larissa alisema kwenye ukurasa wa kwanza, kidole juu ya neno la theluji. "Haiko bunga."

"Koko alisema iko bunga," Eddy akajibu. Mdogo wake huyu ana miaka minne, na kwake neno la Koko halina rufaa.

"Bon, soma tu," Katungu alisema, moyo ukimuuma.

Larissa alisoma, akimgeuzia mdogo wake kwa Kiswahili, mpaka ukurasa wa mwisho: mlango wazi na mwanga mwingi. Chini ya picha, mahali pa maneno, palibandikwa kipande cha mfuko wa unga kwa gundi ya fufu, ugali wa muhogo, iliyokauka zamani. Larissa alikibandua kwa ukucha, taratibu. Akasoma kimya, kisha akamsogezea mama yake kitabu.

Katungu alisoma. Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke mgeni. Alimwambia mtoto aingie aote moto, kwa maana mama yake amefia njiani, kwenye theluji, wala hatarudi tena.

Alisoma mara ya pili, na hesabu ya miaka ikamjia yenyewe. Kitabu kiliingia nyumbani mwaka wa vita, wakati mama yake, Kanyere, alikuwa amekwenda Butembo kuchukua mali na barabara ikafungwa nyuma yake. Katungu alikuwa na miaka minane. Noeli ile hakuna aliyejua kama mama yu hai. Alirudi Pasaka, amekonda, na miguu imevimba. Mtu hafuniki maneno asiyoyajua. Baba alikuwa anasoma vizuri kabisa. Aliwaacha wamcheke miaka yote hiyo, na yule aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa yeye Katungu. Aliona haya, akamtamani baba yake walau kwa dakika moja amwombe msamaha. Machozi yalimtoka mbele ya watoto, na hakuyaficha.

"Maman iko nalia," Eddy alisema, akamgeukia dada yake kwa wasiwasi. "Larissa, mama ya ule mutoto alirudia?"

Larissa alimtazama mama yake. Kisha akaweka kiganja juu ya maneno, yote, mpaka nukta ya mwisho.

"Alirudia," alisema. "Alikuwa na njaa sana. Balimupa kiti, akakula, halafu akauliza: mutoto wangu iko wapi."