Inchi Moja Iliyozidi

Kwa siku kumi na moja, kila asubuhi nilikuta mstari wa chaki kwenye meza ya kukatia. Siku ya kwanza niliupima: inchi moja kamili. Niliufuta. Kesho yake ulikuwa palepale, urefu uleule. Siku ya nne nilifunga karakana mwenyewe, nikalala na funguo zote mbili chini ya mto. Mstari ulikuwepo.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa naolewa baada ya wiki tatu, na bibi harusi anayesimulia habari za chaki huombewa dua, hasikilizwi.

Meza ile ilikuwa ya Kobe, mkataji wetu na mchumba wangu wa kwanza. Jina hilo alipewa na shangazi yangu, mwenye karakana, kwa sababu hakuwahi kukata kitambaa bila kukizunguka mara tatu. Hata ngazi za karakana, iliyo ghorofani, alizishuka ameshika ukuta. Mwaka mmoja uliopita alikutwa chini ya ngazi hizo, shingo imevunjika. Ajali, walisema, ameteleza. Nilimwambia inspekta kwamba mwenda pole hajikwai, na kwamba futi yake ya kupimia, aliyoivaa shingoni kutwa nzima, haionekani.

"Dada," alisema, "futi hupotea kila siku." Akafunga jalada.

Aliyemkuta alikuwa mpiga pasi wetu, tuliyemwita Mvuke. Ndiye aliyenishika mkono mazikoni, akaniletea chai mwaka mzima bila kudai neno. Nilipomkubali, nilimkubali kwa hesabu: mtu mwema, mwenye subira, aliye hai.

Suti yake ya harusi nilitaka kuishona mwenyewe. Hakukubali nimpime. Kila nilipoinua futi karibu na shingo yake alirudi nyuma akicheka. "Nina mtekenyo, fundi wangu." Mwishowe akajipima nyumbani, akaleta vipimo kwenye karatasi. Nilikata kama vilivyoandikwa.

Siku ya kujaribu, saa tano asubuhi, koti lilimpwaya.

"Bwana harusi kakonda!" shangazi alisema. "Mwanangu, mapenzi yako yanamla huyu kama nondo."

"Kweli, Mama," Mvuke alisema. "Hata usingizi sipati."

"Muoe kwanza, ndipo utajua kukosa usingizi."

Shangazi akashuka kumhudumia mteja, bado anacheka. Nilibaki na pini mdomoni. Bega limezidi inchi moja. Kifua, inchi moja. Mkono, inchi moja. Mtu hukonda tumbo. Hakondi urefu wa mkono.

Futi ya Kobe nilimnunulia mimi. Ncha yake ilipochakaa, aliikata inchi nzima ya mwanzo na kukataa kununuliwa nyingine. Kila alichopima kilisomeka inchi moja zaidi, naye akiipunguza kichwani. Jambo hilo tulilijua wawili tu.

Nilitoa pini mdomoni. "Ulijipima kwa futi gani?"

"Ya kawaida."

"Inaanzia ngapi?"

Mimi nilikuwa upande wa meza, yeye upande wa mlango, na nje ya mlango ni ngazi, njia pekee ya kutoka. Aliusukuma kwa mgongo, taratibu, mpaka ukajifunga.

"Usiniulize hivyo," alisema. "Nimekungoja miaka minne. Minne! Yule alikuzungukazunguka kama kitambaa chake, hakati..."

Alikuwa anatazama meza. Nami nikageuka. Mstari niliokuwa nimeufuta asubuhi ulikuwa unachorwa upya. Chaki ilisimama bila mkono, ikavuta polepole, kama alivyovuta Kobe, kisha ikalala. Nasema nilichokiona.

Mvuke alifungua mlango kwa nguvu, akakimbia hadi kwenye kichwa cha ngazi, akakwama hapo.

"Mwambie anipishe."

"Nani?"

"Si huyo hapo! Mwambie anipishe!"

Niliona ngazi tupu, vidato kumi na saba, na shangazi chini akitazama juu. Mvuke aliketi palepale, mikono kichwani, mpaka inspekta aliyeitwa na shangazi alipofika.

Futi ilikutwa chumbani mwa Mvuke, kwenye msumari nyuma ya mlango, ikianzia moja.

"Nilimvuta tu," alisema. "Akaanguka, ikabaki mkononi." Akaongeza kwamba aliitupa mara mbili, na mara mbili aliikuta imerudi msumarini; basi akaizoea. Hilo inspekta hakuliandika. Mimi naliandika.

Asubuhi iliyofuata meza ilikuwa safi. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Nilitazamia nafuu, sikuipata. Nikachukua chaki, nikavuta mstari wa inchi moja kwa jicho, bila kipimo, kama alivyoweza Kobe. Kisha nikaupima. Ulipungua kwa upana wa uzi.

Niliuacha hivyo, nikafunga mlango.

Kesho yake niliupima tena. Ulikuwa umetimia.